Miyaa ya Kurudia

Bi Mwanaidi alikuwa akisuka ukili wa mkeka kwa miyaa ya mkindu kwenye kiti cha mbele, huku mwanawe Shekue akiendesha gari. Waliposimama kwenye maporomoko ya maji alishuka, akayatazama, akachovya miyaa yake majini isikauke, akaendelea kusuka. Pangoni alisuka. Kileleni, watalii wengine wakipigana picha, alisuka.

"Mama, tumekuja kutembea au kufanya kazi?" Shekue alicheka.

"Macho yanatembea. Mikono ina shughuli zake."

Jioni waliingia jiji kubwa. Shekue alimpandisha ghorofani kwake, akamfungulia chumba chenye kitanda kipya na pazia jipya.

"Hiki ni chako, Mama. Kule kijijini hurudi tena. Kukaa peke yako sasa basi."

Bi Mwanaidi alibonyeza godoro. "Zuri. Nitalilalia leo."

"Leo na siku zote."

Bi Mwanaidi aliupima ukili kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, hadi ukaisha, kisha akamwonyesha fungu la miyaa lililobaki.

"Nilikata ya kuja na ya kurudi, mwanangu. Ya kuja imekwisha."

"Si utaisukia hapa hapa!"

"Hapa nisuke vipi, na gari limesimama?"

Aliacha ncha ya ukili wazi, akailowesha miyaa bafuni, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, tayari kwa kesho. Maji yakaanza kudondokea vigae vinavyong'aa. Shekue alishika tambara, akasimama pale, asipanguse.