Mtoto wa Mama Mwenye Kifafa

"Akianguka, anatoa povu?"

Thandeka, ofisa wa ustawi wa jamii, aliinua macho. Wengi wanaokuja kwake kuomba mtoto wa kuasili huuliza kwanza kama ni wa kike au wa kiume. Agnès aliuliza povu.

"Zamani, ndiyo. Siku hizi mama yake anakunywa dawa, haanguki ovyo," Thandeka alijibu kwa Kiingereza cha polepole. "Mtoto amepimwa, yuko salama. Lakini sitakuficha, mama, hatari ipo. Dawa zile si nzuri sana wakati wa mimba, na mara chache kifafa hufuata ukoo. Mara chache. Nendeni mkafikirie, mnijibu Ijumaa."

Agnès aliteremka kwa miguu kutoka ofisi hiyo ya mtaa wa Observatory hadi kwao mtaa wa Yeoville, moyo umekatika vipande viwili. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kiume. Alishaonyeshwa picha yake: amelala, ngumi chini ya kidevu. Murielle, binti yao wa pekee, naye alikuwa akilala vilevile alipokuwa mchanga.

Nyumbani, François mumewe hakutaka hata kukaa chini.

"Kwetu Bukavu mtu akitaka kuoa, wazee wanatangulia kuulizia. Kwa akina huyo binti hakuna kifafa? Hakuna wazimu? Wakisikia kipo, hakuna ndoa. Sasa mtoto wa kulala nyumba moja na binti yangu, ndiyo nisiulize?"

"Daktari anasema kifafa hakiambukizi."

"Daktari atakuja kulala na sisi hapa?"

Agnès alitaka kumkumbusha jambo. Akalimeza.

Kesho yake, kwenye saluni alikokuwa akisuka nywele, habari ilikuwa imeshafika. Mamie, rafiki yake wa kanisani, alijimwaga kwenye kiti cha wateja bila kusukwa chochote.

"Ma Murielle, unatafuta nini kwa watoto wa watu? Wewe si tasa! Ulienda Durban tumbo mbele, ukarudi na mtoto mgongoni. Na mtoto mwenyewe paji la uso la François kabisa! Hata baba akitaka kumkana, nani atamsikiliza?"

Wanawake wakacheka. Mamie akaona amepata soko, akaongeza sauti.

"Mungu iko palepale, ngojea wa kwako. Ule wa kifafa akinywea kikombe kimoja na Murielle, utalia na nani?"

Agnès akainamia kichwa alichokuwa anasuka, akavuta mpaka mteja akaruka.

"Eish, sista! Hiki ni kichwa, si kamba ya mbuzi!"

Jioni Murielle alirudi kutoka shule, viatu vimejaa vumbi. Akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mtoto anakuja lini. Alikuwa ameshamwachia droo moja ya kabati, soksi zake mwenyewe amezihamishia kwenye boksi.

"Tutaona," Agnès alisema kwa Kiswahili.

Alimtazama binti akila, akiruka kamba barazani, akiimba nyimbo za Kizulu ambazo mama yake hajui maana yake. Mtoto mzima huyo. Hata mafua yalikuwa yanampitia mbali. Agnès akamwona, kwa macho ya hofu, ameanguka pale pale sakafuni, povu mdomoni, na kosa ni la mama aliyefungua mlango. Basi mama akishaingiwa na hofu ya namna hiyo, maneno ya daktari hayamfai kitu. Alijua moyoni kwamba hakiambukizi. Alijua, na bado alikwenda kuficha kikombe cha Murielle nyuma ya sahani, mtoto wa watu hata hajaletwa. Aibu ikamshika peke yake jikoni.

Ijumaa François alisema ana zamu ya ulinzi. Agnès akaenda mwenyewe. Njiani alipanga kumsukumia mume lawama, lakini alipoketi mbele ya Thandeka, ulimi ukakataa uongo huo.

"Hapana," alisema. "Ni mimi nimeogopa. Nina binti. Damu yake ni safi, hajawahi kuugua ugonjwa kama huo. Nataka abaki hivyo."

Thandeka aliuliza: "Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Basi Thandeka akachukua simu, akapiga kwa familia nyingine, watu wa Pretoria. Hata kutoka upande ule wa meza Agnès alisikia mwanamke akipiga kelele ya furaha, kisha akilia, kisha mwanamume akishukuru kwa Kisotho. Walikuwa wanakuja kumchukua mtoto leo hii.

Agnès alipaswa kuondoka. Hakuinuka. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Nisamehe. Niombee msamaha kwa yule mama pia, mwambie si kwamba namdharau." Akavuta pumzi. "Lakini watu wanaongoja watoto ni wengi. Kwa nini ulitupigia sisi kwanza?"

Thandeka alivua miwani, akaiweka mezani.

"Ni yeye aliyeomba. Alinikataza nisiwaambie sababu mpaka mjibu, hakutaka mumchukue kwa kulazimika," alisema. "Alitaka mwanawe akue pamoja na dada yake, yule mtoto wake wa kwanza niliyekukabidhi mwenyewe humu ofisini, siku zile watu wakidhani umekwenda Durban kujifungua, ukamwita Murielle."