Zamu ya Mzee Ushangi

Mzee Ushangi alifika wa kwanza, kama kila Alhamisi. Akavuta kiti cha mbele, akaweka kofia yake gotini.

Makvala alimtupia jicho huku akipanga bilauri kwenye meza ya kantini. Yeye ndiye aliyeagizwa na ofisi kuu ya kiwanda chao cha chupa, huko Tbilisi, kuanzisha duara la kupeana ujuzi: wafanyakazi wakutane kila wiki, anayejua amfundishe asiyejua. Kwa maneno lilikuwa jambo zuri. Kiwandani, watu walikula biskuti zake, wakatazama dari, wakaenda zao nyumbani.

"Nikikufundisha kusikia ufa wa chupa," Eteri wa ukaguzi alimwambia bila kupepesa macho, "kesho utakalia kiti changu. Mimi mzee, mwanangu, si mjinga."

Lakini Jumamosi gesi ya mji mzima ingekatwa ili mabomba yabadilishwe, na tanuri namba mbili, lililobaki peke yake kuyeyusha kioo, lingezimika. Lilikuwa tanuri kuukuu. Waliolijenga waliondoka na michoro yao, na ukilipasha moto vibaya linapasuka. Ofisi kuu haikuzungusha maneno: asipopatikana mtu wa kuliwasha tena, basi halitawashwa, na chupa zitatengenezwa mji mwingine. Hapo kazi nyingine haikuwapo. Makvala alikuwa na mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, na mume aliyepakia chupa hizo hizo kwenye malori.

Mtu wa kuliwasha alijulikana. Koki za gesi za tanuri lile hakuna aliyezigusa ila Ushangi. Siku ya harusi ya bintiye aliondoka bibi harusi hajacheza, akaja kuutazama moto. Radi ikipiga alifanya ishara ya msalaba akiwa ameligeukia tanuri. Likizo hakujua ladha yake.

"Mzee, tufundishe basi," Makvala alikuwa amemwomba. "Hata kidogo tu."

"Kwani lazima lizimwe?"

"Lazima."

"Mbona halijawahi kuzimwa."

Zaidi ya hapo hakumtoa neno.

"Huyo atazikwa na siri yake," Eteri alisema. "Na sisi tutazikwa na njaa."

Wazo lilimjia Makvala akimnyonyesha mwanawe. Watu wa kwao mkutanoni hawasemi, husema mezani. Basi Alhamisi hii hakuleta biskuti. Alileta mtungi wa divai ya mama mkwe, mikate ya jibini na bilinganya zilizopakwa kokwa za jozi za kusaga, akamwomba Jumberi, dereva wa lori, awe tamada, yaani kiongozi wa meza, mwenye kuamua bilauri inyanyuliwe kwa ajili ya nani. Jumberi aliuliza jambo moja tu: divai ni ya mwaka gani.

Mambo yakaenda. Bilauri ya tatu ilimkuta Eteri akigonga chupa kwa pete yake ya ndoa, akiwalazimisha wenzake wasikilize.

"Hii nzima. Hii ina ufa. Wewe, masikio umeyaacha kwa mkeo?"

Fundi wa kalibu za chupa naye akakiri kwamba mafuta anayopaka siyo yale yaliyoandikwa kwenye pipa, kisha akaeleza ni yapi. Watu wakacheka, wakaulizana, wakaanza kubishana kwa raha. Makvala akaona moyo wake unakuwa mwepesi. Mzee Ushangi, kwenye kiti chake cha mbele, alimwinamia kila msemaji kama mtu mzito wa kusikia. Kila moto ulipotajwa, aliacha kutafuna.

Hatimaye Jumberi akasimama na pembe iliyojazwa divai mkononi. Wote wakasimama.

"Hii ni ya waliotangulia," alisema. "Ni ya marehemu Valiko, aliyeliwasha tanuri namba mbili kwa mikono yake, Mungu amlaze pema. Na ni ya yule aliyeurithi mkono wake." Akaipitisha pembe juu ya mikate. "Alaverdi kwako, Ushangi."

Tamada akikupa alaverdi, kauli yake imekuwa yako; hunywi wala huketi mpaka uiendeleze. Pembe nayo haiwekwi mezani, itamwagika. Na marehemu akishatajwa, hakuna anayedanganya mbele yake. Makvala ndiye aliyempa Jumberi maneno yale, na sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Mzee Ushangi aliishika pembe kwa mikono miwili.

"Valiko," alisema, akiitazama divai, "siku niliyoajiriwa, wewe ulikuwa umeshazikwa wiki iliyotangulia. Tanuri nililikuta linawaka."

Eteri akaishusha bilauri yake.

"Tangu siku hiyo nimelilinda lisizimike." Akamgeukia Makvala, kwa upole kabisa. "Binti yangu, uliposema duara hili ni la anayejua kumfundisha asiyejua, nadhani mimi nilifurahi kuliko wote. Kila Alhamisi nimekuja mapema, nikakaa mbele, nisipitwe."

Akainyanyua pembe, akaitazama meza nzima, uso baada ya uso.

"Alaverdi," akasema, "kwa yeyote anayejua."