Gari la Saa Kumi na Moja

Kwa mara ya tatu Mchapaji alirudi ndani kuchukua kitu ambacho hakuwa amekisahau. Mke wake alikuwa jikoni, akimimina chai kwenye chupa.

"Baba watoto, mbona leo hutulii?"

"Nitatulia vipi, na Injinia kashapiga honi?"

"Haya, nenda. Saa sita kamili niko kwako. Nakuja na mdogo wangu, naye anataka kuiona hiyo ofisi ya ghorofani."

Ofisi ya ghorofani! Uongo wenyewe aliutunga siku mkewe alipomuuliza mbona mashati hayarudi tena na madoa ya wino. Ulimi ukamteleza: kapandishwa cheo, kapewa chumba chenye dirisha kubwa. Mkewe, maskini, akafurahi, akawaambia ndugu zake wote. Ukweli ni kwamba kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimefungwa miezi minne iliyopita, na Mchapaji hakujua aanzie wapi kulisema hilo.

Na angelisemaje katika mtaa ule? Nyumba nzuri, mageti meusi, maua kila kona, na hakuna mtu. Kufikia saa moja asubuhi wenye nyumba wote wako barabarani kuelekea mjini. Wanaobaki ni mbwa, kuku na wasichana wa kazi. Mtu mzima akionekana anakata nyasi saa nne, jioni jirani anakuja kumpa pole kabla hajajua ni ya nini.

Basi kila alfajiri aliingia kwenye gari la Injinia kama alivyofanya miaka sita mfululizo. Injinia kwenye usukani, kofia yake ya ujenzi juu ya dashibodi. Mama Benki kando yake, kajitia manukato ya kutosha abiria wote. Nyuma, Bwana Bima na mkoba wake magotini.

Foleni iliwapokea darajani. Zamani Injinia angeitukana mpaka Mama Benki azibe masikio. Siku hizi alikuwa mpole, akiwapisha hata malori. Tena hakuwa akiwafikisha mlangoni kama zamani. Wote walishuka kwenye mzunguko wa barabara, mwanzo wa mji. Bwana Bima alisema daktari kamwambia atembee, wenzake wakamuunga mkono papo hapo. Kwa Mchapaji ilikuwa nafuu kubwa.

Leo nafuu hiyo haikumsaidia. Alikuna goti, akafungua dirisha, akalifunga.

"Jirani," alimwambia Bwana Bima, "ofisini kwetu wanapaka rangi, na mke wangu anakuja saa sita. Nikopeshe meza yako nusu saa tu. Nikae, anione, aondoke."

Bwana Bima aliukumbatia mkoba. "Leo? Leo tuna wageni wakubwa. Siku nyingine yoyote, ndugu yangu, lakini leo hapana."

"Dada, basi kwako benki."

"Thubutu!" Mama Benki hata hakugeuka. "Na ulinzi ule? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Injinia, kaka yangu?"

"Kule kwetu matope matupu. Shemeji ataharibu viatu."

"Si uliniambia ofisi yako iko ghorofa ya tatu?"

Injinia alifikiri kidogo. "Matope yamefika huko."

Mchapaji aliwatazama wote watatu. Hawa ndio majirani! Miaka sita wamekula vumbi moja, na hakuna hata mmoja wa kumwazima kiti. Hasira ilimpanda mpaka aibu ikakosa pa kukaa.

"Injinia, kadi za harusi ya binti yako nilizichapa kwa mikono hii. Bwana Bima, mwanao alipovunjika mguu, nani alimbeba mgongoni? Sawa. Basi sikieni, mpate la kusimulia. Hakuna rangi inayopakwa. Hakuna ofisi. Kiwanda kimefungwa tangu mwezi wa pili. Mkiniacha pale kwenye mzunguko naenda hospitali kuu, nakaa na wagonjwa wanaosubiri daktari mpaka jioni. Na saa sita mke wangu anakuja kuangalia dirisha ambalo halipo."

Foleni mbele yao ilisogea, gari lao halikusogea. Waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi.

Mama Benki alitoa kitambaa akajifuta macho, na wanja wote ukahamia shavuni.

"Mimi ni mwezi wa tatu," alisema.

"Mwezi wa tatu nini?"

"Walipunguza watu. Nashinda kwenye saluni ya rafiki yangu, nafagia nywele ili asinichoke."

Bwana Bima alifungua mkoba polepole. Ndani kulikuwa na ndala, kipande cha mkate na gazeti la wiki iliyopita.

"Hospitali kuu," alimwambia Mchapaji kwa sauti ndogo, "mimi hukaa upande wa meno. Jumanne ulinipita pale. Nilijifunika kwa gazeti."

Mchapaji alitaka kucheka, akataka kulia, akakumbuka saa sita. Aliegemea mbele, akamshika Injinia bega. Wenzake nao walimgeukia, mmoja mmoja, wakiwa na tumaini lilelile.

"Kaka, matope si kitu. Umebaki wewe tu."

Injinia alikuwa akiitazama barabara. Ilikuwa tupu mbele yake mpaka kwenye mzunguko, naye hakuondoa gari.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi nilikuwa naamka kwa sababu moja tu, kuwaleta ninyi kazini."