Hina Mbichi

Hina ilikuwa bado mbichi kwenye vidole vyote vya Batuli, bi harusi wa kesho, na ukurasa wa mwisho wa tasnifu yake ulisubiriwa chuoni kabla ya magharibi. Hakuwa na kompyuta ila tableti. Alijaribu kuandika kwa kijiti, kioo hakikusikia. Akajaribu kwa pua, zikatoka herufi tatu kwa mpigo.

“Tulia mwanangu, utaiharibu hina,” alisema Bi Mize, somo wake aliyemfunda kwa ajili ya ndoa.

Batuli akatumbukiza kidole cha shahada kwenye bakuli la maji, akakisugua kwenye ukingo wake.

“Ala! Mawifi zako watasema nini?”

“Waseme, somo.”

Bi Mize alisonya, kisha akamshikia tableti. Kidole kimoja kitupu kikaanza kukimbia juu ya kioo; vingine tisa vilibaki hewani, vikingoja rangi ikolee.