Mambo Madogo ya Nyumbani

Uvumi niliusikia mashineni, nikisubiri mahindi yasagwe, na haukunitoka: mwaka wa kwanza wa chuo wanampunguza mtoto kumbukumbu ili masomo yapate nafasi. Fomu ya chuo ikaja kweli, ikiuliza nini kiondolewe. Nikaandika: mambo madogo madogo ya nyumbani. Niliona hayo hayana kazi.

Binti yangu Nyamizi karudi juzi kutoka chuoni. Ana jina la marehemu mama yangu, ndiyo maana tangu akiwa mchanga namwita mama, naye hunijibu, "Unasemaje, mwanangu?" Tunacheka.

"Mama, njoo ule," nikamwita.

Akageuka kutazama mlangoni. "Unamwita nani?"

"Wewe."

"Lakini mama si ni wewe?" Akanishika mkono taratibu. "Usijali. Mwaka huu nimekua sana, mama."

Ni kweli amekua. Ananiheshimu kama mgeni anavyomheshimu mwenye nyumba.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Msijaze fomu kwa haraka.

Msiandike neno "madogo".

Mtoto akirudi, msimwite mara ya pili kwa jina lenu la utani. Ataitika, kwa kuwahurumia.