Mafiga Chini ya Tope

Msiwa alichimba msingi wa nyumba yake kando ya mto, pale maboga huzaa bila kubembelezwa. Udongo ulikuwa laini, akazidi kwenda chini. Shimo lilipomfika kiunoni, jembe likagonga jiwe. Akafukua: mafiga matatu yamekaa vilevile, na majivu katikati.

"Shemeji, mbona kimya? Umepata hazina?" Kibwana alimtania kutoka juu.

"Nimepata jiko la mwenzangu. Mto ulimfukia jiko zima, shemeji!" Akawatazama wanawe wakichezea maji. "Ng'oa vigingi. Huku tutalima tu. Kulala, tukalale mlimani."

Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya majivu, kama anayepima moto.

"Ahsante, dada," akasema. "Wanao uliwawahi?"