Picha ya Arobaini na Moja

Picha zote sitini za kuonyesha filamu itakavyokuwa alizichora Tunu, lakini jina lililoandikwa chini yake lilikuwa la bosi wake, Bwana Mbaruku. Leo bosi alisimama mbele ya wafadhili akijitapa nazo, akikohoa kila baada ya sentensi mbili, na Tunu kawekwa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Programu ya kuchorea ilikuwa na toleo jipya: kila picha sasa hubeba sauti yake, na kitufe kimoja tu huiwasha. Bwana Mbaruku hakuwahi kujisumbua kujifunza vitufe. Kabla wageni hawajaingia alimwita Tunu, "Mwanangu, nionyeshe pa kubonyeza." Tunu alikuwa mwanawe pale tu bosi alipokuwa na shida. Tunu akamwonyesha pa kuwashia. Pa kuzimia hakuulizwa, naye hakusema.

"Na hii ndiyo mvua yangu," bosi alisema alipofika picha ya arobaini na moja, akabonyeza.

Mvua ikanyesha ukumbini. Wafadhili wakatabasamu. Tunu aliirekodi mwenyewe dirishani mwezi uliopita, na bosi alipoingia chumbani kuzungumza naye, kinasa sauti kilikuwa bado kimewashwa. Kipande kile angeweza kukikata. Hakukikata.

Ndani ya mvua mlango ukalia, kisha mtu akakohoa kikohozi ambacho ukumbi mzima ulikuwa umeshakizoea.

"Tunu, jina lako nimelifuta…"

Vidole vya Bwana Mbaruku vikatapatapa juu ya kibodi. "Inazimwa wapi? Tunu, mwanangu, inazimwa wapi?"

Tunu akakunja mikono kifuani. Kwenye mvua, sauti ile ile ilivuta pumzi, ikijiandaa kuendelea.